Kamera ya Mtandao: Mlinzi Ahitajiye Kulindwa

Katika milima ya Umatengo, Wilaya ya Mbinga, uchumaji wa kahawa hupamba moto katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati wa baridi kali na ukungu wa asubuhi. Kahawa ya arabika iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kuanikwa hukusanywa katika maghala ya vyama vya msingi vya ushirika ikingoja kupelekwa kiwandani kukobolewa. Ndani ya ghala moja huwamo jasho la mwaka mzima la kijiji: ada za shule, bei ya mbolea ya msimu ujao, mabati ya nyumba. Mwizi avunjaye mlango wa ghala hilo usiku mmoja huwafilisi watu wengi kwa mkupuo.

Tangu zamani ulinzi wa maghala umekuwa kazi ya mtu mwenye tochi na rungu. Kazi hiyo haijakwisha, lakini mlinzi amepata msaidizi. Mwaka 2018 njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika Songea, na miji ya Mkoa wa Ruvuma iliyokuwa ikitegemea sana mitambo ya dizeli ikaanza kupata umeme wa gridi ya taifa. Simu za mkononi zilikuwa zimekwisha kuenea. Umeme na mtandao vikikutana, kamera ya usalama ya mtandao haiko mbali; nayo huuzwa madukani ndani ya boksi dogo, pamoja na karatasi ya maelezo ambayo pengine ni fupi kuliko ile ya pasi. Hapo ndipo penye hatari. Chombo hicho ni kompyuta kamili yenye jicho, na kompyuta iliyofungwa ukutani pasipo kupangwa vema huweza kulinda mlango mmoja huku ikifungua mwingine.

Birika la kahawa la Cambridge

Inawapendeza pengine wakulima wa Mbinga kujua kwamba ukoo wa kamera hizi ulianza kwa sababu ya kahawa. Mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walichoshwa na safari za kupanda ngazi kufuata kahawa na kukuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaielekeza kamera kwenye birika hilo na kuandika programu iliyopeleka picha yake ndogo, isiyo na rangi, kwenye kompyuta za wenzao. Mwaka 1993 picha hiyo iliunganishwa na intaneti, na watu wa mabara yote wakawa wanalitazama birika la Cambridge hadi kamera ilipozimwa mwaka 2001. Kamera ya kwanza ya mtandao kuuzwa madukani ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya Axis ya mji wa Lund, Sweden. Ilihitaji sekunde 17 kutuma picha moja kubwa. Mwizi mwepesi angeweza kuingia na kutoka kati ya picha mbili.

Kamera ya leo ya bei ya kawaida hupiga picha yenye vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani vitone, au pikseli, 2,073,600. Kila pikseli ikichukua biti 24, na picha 25 zikipigwa kila sekunde, jumla ni biti zaidi ya milioni 1,244 kwa sekunde. Hakuna mtandao wa kijiji uwezao kubeba mzigo huo. Kwa hiyo kompyuta iliyomo ndani ya kamera huilinganisha kila picha na ile iliyotangulia, kisha hutuma mabadiliko tu. Ukuta wa ghala haubadiliki. Kinachobadilika ni paka apitaye. Kwa ufundi huo mzigo hushuka mpaka biti milioni 2 hivi kwa sekunde, nayo picha hubaki yenye kufaa.

Mahali pa kuifunga

Kosa la kwanza la mafundi wengi ni kuipandisha kamera juu sana, chini ya paa, na kuitaka ione kila kitu. Kamera ya namna hiyo huona uwanja mzima lakini haimtambui mtu yeyote. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2014 uliweka vipimo: ili sura ya mtu asiyejulikana itambuliwe bila shaka, zinahitajika pikseli 250 kwa kila meta moja ya upana wa mahali aliposimama, ili mtu anayejulikana atambuliwe zinatosha 125, na kujua tu kwamba kuna mtu, 25.

Mwalimu wa hisabati anaweza kulipeleka jambo hili ubaoni moja kwa moja. Pikseli 1,920 zikigawanywa kwa 250 jawabu ni meta 7.68. Huo ndio upana mkubwa kabisa ambao kamera yaweza kuutazama na bado itambue sura. Ikiwa lenzi inafungua pembe ya digrii 90, upana wa mandhari ni sawa na umbali mara mbili. Hivyo mtu lazima awe ndani ya meta 3.84. Lenzi ya pembe nyembamba ya digrii 30, kwa kanuni ya tanjenti ya digrii 15, huufikisha umbali huo meta 14.3, lakini kwa kuacha mengine yote ya kando. Kwa ghala, busara ni kutumia moja ya namna ya kwanza karibu na mlango, ambapo mwizi hana budi kupita, na nyingine kwa ajili ya uwanja.

Urefu nao una hesabu yake. Kamera iliyofungwa meta 3 kutoka chini humtazama mtu aliye meta 3.84 mbele yake, mwenye macho meta 1.6 kutoka ardhini, kwa mteremko wa digrii 20. Ikipandishwa hadi meta 5, mteremko huwa zaidi ya digrii 41, na picha itakayopatikana ni ya kofia. Katika baridi ya Mbinga, ambako makoti na kofia za sufu ni mavazi ya kila mtu, picha ya kofia haimsaidii polisi hata kidogo.

Kebo, umeme na radi

Kamera nzuri huunganishwa kwa kebo ya mtandao, na kebo hiyo hiyo moja hupeleka pia umeme wa volti 48 hivi kutoka kwenye kifaa kiitwacho swichi. Kanuni ya mwaka 2003 iliruhusu wati 15.4 mwanzoni mwa kebo, na kuhesabu kwamba kamera mwishoni haitapata zaidi ya 12.95, kwa kuwa zinazobaki hugeuka joto ndani ya waya. Kebo ya shaba isizidi meta 100. Lango likiwa mbali kuliko hapo, iwekwe swichi nyingine katikati, au utumike uzi wa kioo.

Uzi wa kioo una faida nyingine ambayo milimani ni kubwa zaidi. Mvua za Umatengo huja na radi. Radi ikipiga karibu, waya mrefu wa shaba ulioning'inia kati ya majengo mawili huokota msukumo wa umeme na kuupeleka ndani ya kinasa picha. Kioo hakipitishi umeme. Pale isipowezekana kupata uzi huo, kebo ifukiwe ndani ya bomba, iwekewe vizuia radi pande zote mbili, na vizuia radi hivyo viungwe na waya wa ardhi ulio imara. Kizuia radi kisichounganishwa na ardhi ni pambo.

Umeme ukikatika, ghala hubaki gizani, na hilo ndilo giza ambalo mwizi hulingoja. Na ichukuliwe mfano wa kamera 4 zinazotumia wati 6 kila moja usiku, pamoja na swichi na kinasa picha vinavyotumia wati 20. Jumla ni wati 44. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Betri ya risasi na asidi haifai kumalizwa kupita nusu, hivyo hubaki 600. Na asilimia 15 ikipotea katika kigeuza umeme, hubaki 510. Kamera zitaendelea kuona kwa saa kumi na moja na nusu, yaani usiku mzima.

Anwani, diski na saa

Kila kamera hupewa anwani ya namba nne, mathalani 192.168.10.11. Kila namba haizidi 255, kwa kuwa imeandikwa kwa biti nane. Kinasa picha nacho kina anwani yake, na ruta inayoelekea nje ina yake. Anwani za kamera zipangwe kwa mkono na kuandikwa katika daftari. Zikiachwa zigawiwe na ruta yenyewe, huenda zikabadilika baada ya umeme kukatika, na asubuhi kinasa picha kikawa kinaita kamera asiyoipata. (Msomaji atakuta pia herufi IP66 zimeandikwa juu ya boksi. Hizo hazihusu anwani. Tarakimu ya kwanza husema vumbi haliingii kabisa. Ya pili, kwamba chombo hustahimili maji yanayorushwa kwa nguvu. Herufi ni zile zile, maana mbalimbali.)

Biti milioni 2 kwa sekunde kwa muda wa sekunde 86,400 za siku, zikigawanywa kwa 8, ni megabaiti 21,600, au gigabaiti 21.6. Kamera 4 kwa siku 30 zitahitaji gigabaiti 2,592. Diski ya gigabaiti 2,000 itajaa siku ya 23, na tangu hapo itaanza kufuta ya zamani ili kuandika mapya. Chama kinachohesabu magunia yake mara moja kwa mwezi kitagundua upungufu wakati picha za wizi zimekwisha kufutwa. Hivyo basi, ama diski iwe kubwa zaidi, ama magunia yahesabiwe kila juma. La pili ni rahisi.

Hesabu hiyo hiyo huonyesha kwa nini picha zisitumwe zote kwa simu. Gigabaiti 21.6 kwa siku kwa kamera moja zingeimeza faida ya chama. Picha zihifadhiwe ghalani, ndani ya kabati la chuma lililo mbali na mlango, na katibu aliyeko mjini atazame mara mojamoja kwa mkondo mdogo. Mkondo wa robo ya megabiti kwa sekunde, ukitazamwa dakika kumi, hula megabaiti zisizofika 19.

Jambo dogo lisiloangaliwa ni saa. Kamera nyingi hutengenezwa China na hufika zikiwa na saa ya huko, ambayo imetangulia saa ya Afrika Mashariki kwa saa tano. Wizi uliofanyika saa nane usiku, yaani 02:00 kwa hesabu ya mashine, utaandikwa 07:00. Na mtu anayesoma saa kwa Kiswahili akiuona mwandiko huo anaweza kudhani ni saa saba. Makosa mawili yamepandana, na shahidi anaonekana mwongo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hukubali ushahidi wa namna hii mahakamani, lakini huitaka mahakama ipime jinsi ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama unaaminika. Saa isiyo sahihi ni zawadi kwa wakili wa mshtakiwa.

Mlango wa nyuma

Hayo yote yakikamilika, kamera huonekana imekwisha. Kwa kweli kazi kubwa ndiyo imebaki. Kamera hutoka kiwandani na jina la mtumiaji na nenosiri ambalo ni lile lile kwa maelfu ya wenzake, aghalabu neno fupi au tarakimu chache zinazofuatana. Kiwanda hufanya hivyo ili fundi asipate taabu. Mhalifu naye hapati taabu.

Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza programu iliyoitwa Mirai. Programu hiyo ilitembea katika intaneti ikibisha hodi kwa vifaa vidogo, hasa kamera, vinasa picha na ruta, na kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yapatayo 60 tu. Orodha hiyo fupi ilitosha. Ilipofikia upeo wake, Mirai ilikuwa imevitia mkononi vifaa kama 600,000. Wenyewe hawakujua lolote, kwa maana kamera iliyotekwa huendelea kuonyesha picha kama kawaida. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la namna hiyo liliamriwa kupiga kwa pamoja kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitunza majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kuzifikia Twitter, Netflix na nyingine. Kampuni ya Xiongmai ya China ilitangaza kurudisha kiwandani baadhi ya kamera zake zilizouzwa Marekani. Vijana wale walikiri makosa mahakamani mwaka 2017.

Mirai haikuwa na haja na picha; ilitaka nguvu ya kompyuta tu. Mwizi wa kahawa atazitaka picha. Mtu awezaye kuingia ndani ya kamera ya ghala hujua mlinzi hulala saa ngapi, lori la chama huja siku gani, na magunia yamefika dari au la. Anaweza pia kuizima kamera dakika tano kabla hajafika.

Kinga yake haina gharama. Nenosiri la tarakimu nne lina namna 10,000. Mashine ikijaribu kumi kila sekunde itazimaliza kwa dakika zisizotimia 17. Nenosiri la herufi ndogo 12 zisizofuata neno lolote lina namna zaidi ya trilioni 95,000, na kwa mwendo ule ule mashine ingehitaji zaidi ya miaka milioni 300. Libadilishwe kabla kamera haijaunganishwa na intaneti, wala si kesho yake. Kisha programu endeshi ya kamera isasishwe kwa ile mpya ya kiwanda, kwa kuwa matundu hugunduliwa kila mara. Na huduma iitwayo UPnP, ambayo huifungulia kamera malango ya ruta bila mwenye nyumba kuulizwa, izimwe.

Lililo bora kupita yote ni kuzinyima kamera intaneti kabisa: zizungumze na kinasa picha peke yake, na atakaye kutazama kutoka mbali aingie kwa njia iliyofichwa kwa hesabu za siri, inayojulikana kwa kifupi kama VPN. Maboksi mengi hutoa njia ya mkato, yaani kupiga picha ya alama ya mraba kwa simu na kuanza kutazama papo hapo. Njia hiyo hupitia kompyuta za kampuni, mara nyingi katika nchi ya mbali. Si lazima iwe na ubaya, lakini chama kijue kwamba ufunguo wa pili wa ghala unakaa kwa mtu ambaye hakimfahamu.

Kushuka ziwani

Kutoka Mbinga barabara ya lami ya kilometa 66 hushuka hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa, ambayo ilikatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Msafiri huacha baridi na kukuta joto, mitumbwi, mashine za boti na usipa walioanikwa. Mashine ya boti ni mali yenye kuibika, nayo pwani ya ziwa huhitaji ulinzi kama lilivyo ghala. Lakini kamera iliyofanya kazi vema milimani hupata maadui wapya hapa.

Kutu ya chumvi haipo, kwa kuwa maji ya Nyasa ni matamu. Fundi aliyezoea Dar es Salaam au Mtwara anaweza kupumua. Jua ndilo adui wa kwanza. Ufuko huu uko mashariki mwa ziwa, hivyo kamera inayotazama maji hutazama machweo, na mng'ao wa maji huongezea. Mitumbwi hugeuka vivuli vyeusi saa ile ile wavuvi wanapotoka. Nguzo isimamishwe karibu na maji na kamera itazame nchi kavu, au ielekezwe sambamba na ufuko.

Adui wa pili ana mabawa. Vijidudu vya jamii ya Chaoborus edulis huinuka kutoka Ziwa Nyasa kwa mamilioni, hata wingu lake huonekana kama moshi wa meli. Upande wa Malawi watu huwakamata na kuwafanya kitoweo. Usiku kamera huangaza kwa mionzi ya infraredi ya nanometa 850, ambayo binadamu haioni ila kama wekundu hafifu. Mdudu apitaye sentimeta chache mbele ya lenzi hurudisha mwanga mwingi kuliko mtu aliye meta kumi, na kamera humhesabu kuwa mwizi. Buibui naye huja kufuata wadudu, akatanda utando wake mbele ya kioo. Katibu aliyeamshwa na simu mara arobaini usiku mmoja ataizima, na usiku wa arobaini na moja ndio wa mwizi. Dawa ni kuitenga taa ya infraredi na kamera kwa meta mbili au tatu, kuiamuru kamera isijali vitu vidogo, na kufagia utando kila juma.

Neno la mwisho la ufundi wa ufukweni linahusu heshima ya watu. Ziwani ndiko watu huoga, hufua na kuteka maji, na watoto hucheza bila nguo. Kamera ya boti haina ruhusa ya kuwatazama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huhesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa yake, na humtaka anayezikusanya awe na sababu halali, ajiandikishe kwa Tume na awajulishe wanaohusika. Karibu kamera zote zina uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kivuli cheusi kisichoondoka hata katika picha zilizohifadhiwa. Mahali pa kuogea pazibwe hivyo siku ile ile ya kufunga kamera, mbele ya viongozi wa kijiji na wanawake watumiao ufuko huo, ili waone kwa macho yao kwamba pamezibwa. Kibao cha maandishi makubwa kiwekwe nguzoni kikitaja nani mwenye kamera.

Nenosiri liandikwe, lifungwe katika bahasha na kuwekwa kwenye sanduku la chuma, maana katibu huhamishwa na fundi huondoka. Na kinasa picha kikiharibika, diski itolewe kwanza na kubaki chini ya ufunguo ndipo chombo kipelekwe kwa fundi Songea.